Maswali ya Wasomaji: Gari la Porini Linalochemsha Baada ya Kubadilishiwa Injini

Barua zinazohusu magari ya porini yaliyobadilishiwa injini zimeongezeka sana, na nyingi kati yake zinaishia kwenye swali lilelile: gari halikuwa likichemsha na injini yake ya zamani, sasa linachemsha na hii mpya, je, ninunue rejeta (kipoozi cha maji ya injini) kubwa zaidi? Nimechagua barua tatu ambazo dalili zake zinatofautiana. Ninachowaomba waandishi wake, pamoja na kila mwenye tatizo kama lao, ni kwamba kabla ya kufungua pochi wajiulize gari linachemsha wakati gani hasa. Injini inayochemsha ikitambaa polepole, inayochemsha ikikimbia, na inayochemsha dakika chache baada ya kuwashwa zina maradhi matatu tofauti, na dawa ya moja haiiponyi nyingine.

Swali: Mshauri, nakusalimu. Nina Land Cruiser ya zamani aina ya FJ40. Injini yake ya petroli ya silinda sita ilichoka, nikaitoa na kuweka V8 (injini ya silinda nane) ya Chevrolet ya lita 5.3, ya jamii ya LS, pamoja na giaboksi yake ya otomatiki. Kwenye barabara kuu, hata nikiwa kilomita 100 kwa saa, mshale wa geji ya joto unatulia katikati. Nikiingia porini na kupanda mawe taratibu, unapanda mpaka karibu na alama nyekundu, na hata nikisimama nikaiacha injini inanguruma, haushuki. Nimekwisha kuweka rejeta ya alumini yenye unene maradufu ya ile ya kwanza, na feni mbili za umeme. Fundi wangu anashauri tutafute rejeta nyingine iliyo kubwa zaidi. Nifanyeje?
*Mpanda Mawe*

Jibu: Ndugu Mpanda Mawe, usinunue rejeta nyingine. Barua yako imeshasema kwamba rejeta uliyonayo inatosha, ila umelisema bila kulikusudia. Katika injini ya petroli takribani theluthi moja ya nguvu ya mafuta yanayoungua huishia kwenye maji, na gari lenye umbo la sanduku kama lako linapokwenda kilomita 100 kwa saa huchoma mafuta mengi kwa dakika kuliko linapotambaa juu ya mawe. Ikiwa rejeta inauondoa mzigo huo mkubwa barabarani na mshale ukatulia, basi maji yanazunguka, pampu inafanya kazi na mirija ya rejeta haijaziba. Kinachokosekana unapotambaa ni upepo. Barabarani upepo unaletwa na mwendo wa gari lenyewe. Porini kazi yote ni ya feni, na feni zako zimeshindwa.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote zaidi ya karatasi nyepesi. Injini ikiwa na joto la kawaida, gari limesimama, feni zinazunguka, iweke karatasi mbele ya rejeta kisha uiachie. Inapaswa kung'ang'ania pale ilipo, ikiwa imevutwa na hewa. Isogeze sasa kwenye pembe nne za rejeta, moja baada ya nyingine. Ikiwa inashikwa katikati na kuanguka pembeni, umeliona tatizo kwa macho yako: feni zinavuta hewa kwenye miduara miwili tu, na eneo lililobaki la rejeta limekaa bure. Hali hii ni ya kawaida pale feni zinapofungwa moja kwa moja kwenye rejeta kwa vishikizo vya plastiki vinavyopita katikati ya vibati vyembamba vya rejeta vinavyotoa joto, bila kava. Kava la feni ni lile ganda linaloifunika rejeta yote upande wa injini na kuacha matundu ya feni tu, ili hewa yote inayovutwa ilazimike kupita kwenye rejeta nzima. Lisiikumbatie rejeta mno. Likiacha nafasi ya sentimita mbili au tatu kati ya mapanga ya feni na vibati, hewa itaenea hadi pembeni. Wengi huliona kava kuwa pambo na kuliacha wanapobadilisha injini kwa sababu halikai sawa tena. Kwa maoni yangu, katika gari la porini, kava lina thamani kuliko rejeta yenyewe.

Ikiwa karatasi haishikwi popote, au inasukumwa mbali, chunguza mwelekeo wa feni. Feni ya umeme iliyounganishwa waya kinyume huzunguka kama kawaida na hutoa sauti kama kawaida, lakini husukuma hewa kuelekea mbele. Gari likisimama inajitahidi bure, na gari likikimbia inashindana na upepo. Baada ya hapo pima umeme kwenye plagi ya feni yenyewe, siyo kwenye betri, huku injini ikinguruma na feni ikizunguka. Unatarajia kuona volti 13 na zaidi. Ukikuta 11, tatizo ni waya mwembamba, rilei (swichi ya umeme) dhaifu, au waya hasi uliofungwa kwenye bati lenye rangi au kutu. Feni kubwa hula ampea 20 hadi 30 na zaidi, na waya ambao ungetosha taa hautoshi feni. Vilevile kumbuka kwamba altaneta, yaani jenereta ya gari, hutoa umeme kidogo injini inaponguruma taratibu, na huo ndio wakati wako wa kupanda mawe.

Kuna jambo linalohusu rejeta yako mpya ambalo huenda hukulitarajia. Rejeta nene yenye vibati vilivyobanana hupitisha hewa kwa shida. Kwenye mwendo wa kasi upepo una nguvu ya kupenya, lakini feni ya umeme ya kawaida haina msukumo wa namna hiyo, kwa hiyo unene ulioongeza unaweza kuwa ndio uliopunguza hewa pale unapoihitaji. Rejeta pana na ndefu yenye unene wa wastani ingekuhudumia vizuri zaidi ya ile nene, lakini hilo lisubiri mpaka kava na umeme virekebishwe.

Tazama pia hewa inapita wapi kabla na baada ya rejeta. Mianya iliyo kati ya rejeta na fremu yake izibwe kwa mpira au sponji ngumu, kwa sababu gari likitambaa hewa ya moto kutoka kwenye injini hurudi mbele kupitia mianya hiyo na kuvutwa tena. Winchi na taa kubwa zilizofungwa mbele ya grili huiba upepo. Kwa upande wa nyuma, V8 iliyobanwa ndani ya sehemu iliyotengenezewa silinda sita haiachi njia ya kutokea, na mabomba ya ekzosi yanaizidisha hewa hiyo joto. Matundu kwenye boneti, karibu na katikati yake, husaidia sana. Wako wanaoinua upande wa nyuma wa boneti kwa kuweka washa (visahani vya chuma vyenye tundu) kwenye bawaba zake: hilo linasaidia gari likitambaa, lakini gari likikimbia shinikizo la hewa chini ya kioo cha mbele ni kubwa, na hewa huingia badala ya kutoka. Matope yaliyokauka kwenye vibati yaoshwe kwa maji yenye msukumo mdogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana mashine ya kuoshea magari huvilaza vibati na kuufunga mlango wa hewa kabisa.

Giaboksi yako ya otomatiki nayo inachangia joto. Unapopanda mawe ukitumia gia za kawaida, kiunganishi cha mafuta kati ya injini na giaboksi huteleza muda wote, na kuteleza huko kunageuka kuwa joto, ambalo huingia kwenye maji ya rejeta iwapo mafuta ya giaboksi yanapoozwa humo. Ingiza gia nzito za magurudumu manne mapema, kabla ya mlima, siyo baada ya mshale kupanda. Rejeta ndogo ya mafuta ya giaboksi, yenye feni yake, iliyowekwa mahali pengine badala ya mbele ya rejeta kubwa, ni fedha iliyotumika vizuri.

Nimalizie na mambo mawili ya injini yako ambayo injini ya zamani haikuwa nayo. Injini za LS zina vitundu vya kutolea mvuke kwenye hedi (kifuniko cha juu cha silinda), vinavyounganishwa kwa bomba jembamba hadi juu ya rejeta au kwenye tanki la akiba. Kama bomba hilo lilizibwa wakati wa ufungaji, hewa hunaswa kwenye hedi, hasa gari likiwa limeinama. La pili, feni za injini hizi kwa kawaida huamriwa na kompyuta, na kompyuta nyingi za kisasa husubiri joto livuke nyuzi 100 kabla ya kuwasha feni. Ukitaka ziwake mapema, kompyuta irekebishwe na mtu anayeifahamu au utumie swichi ya joto ya pembeni. Na uhakikishe kwamba geji ya zamani inasoma sensa iliyotengenezwa kwa ajili yake: geji na sensa visivyolingana hudanganya, na huenda alama yako nyekundu ni nyuzi 98 tu, joto ambalo si hatari kwa injini hiyo.

Swali: Mheshimiwa Mshauri, gari langu la porini liliwekewa injini ya dizeli ya Toyota 1HZ mahali pa injini yake ya petroli. Nikiwa mjini au nikienda polepole porini halina shida yoyote. Nikipanda mlima mrefu kwa kasi, au nikivuta tela, linachemsha. Fundi aliitoa thamostati (vali inayofunguka maji yakipata joto) akisema maji yatapita kwa uhuru zaidi, lakini hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Je, inawezekana kutoa thamostati kukaongeza joto?
*Mvuta Tela*

Jibu: Inawezekana kabisa, Ndugu Mvuta Tela, na sababu yake inaonekana kwa macho. Injini nyingi zina njia fupi ya maji ambayo huyarudisha kwenye pampu bila kuyapitisha kwenye rejeta, ili injini ipate joto haraka asubuhi. Ichukue thamostati uliyoitoa na uitazame chini yake. Ukiona kisahani cha pili kilichoshikwa na springi, hicho ndicho kinachoifunga njia fupi pale injini inapopata moto. Ukiitoa thamostati, njia hiyo inabaki wazi daima, na sehemu ya maji yaliyochemka inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Kwa mzigo mdogo hutatambua. Mlimani ukiwa na tela utatambua. Basi rudisha thamostati mpya ya aina iliyokusudiwa kwa injini hiyo. Kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uyachemshe taratibu na uangalie: inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa juu yake, kwa kawaida kati ya 76 na 88, na kuwa wazi kabisa kabla maji hayajachemka.

Lakini thamostati imeondolewa baada ya tatizo kuanza, kwa hiyo chanzo cha kwanza bado kipo. Kuchemsha kwenye kasi na mzigo, huku mwendo wa polepole ukiwa salama, kunaelekeza kwenye maji kuliko hewa. Injini yako ina lita 4.2 na silinda sita. Uliza ile ya kwanza ilikuwa na ukubwa gani, maana kama rejeta ni ileile ya injini ya lita mbili, hapo ndipo rejeta kubwa inapostahili fedha yako.

Kabla ya hapo, fanya ukaguzi huu. Fungua boneti, mwombe mtu akanyage pedali ya mafuta, injini ikiwa na moto, hadi mizunguko 3,000 kwa dakika, nawe uutazame mpira (bomba la mpira) wa chini wa rejeta kwa mbali, mikono na nguo zikiwa mbali na mkanda. Mpira huo uko upande ambao pampu inavuta. Mipira ya asili mara nyingi ina springi ndani inayouzuia usibonyee. Ile inayoungwa vipande wakati wa kubadilisha injini haina. Ukiona unajikunja na kuwa bapa, maji yanakatika palepale yanapohitajika zaidi.

Kisha pima rejeta kwa kipimajoto cha miale, kile kinachoelekezwa bila kugusa. Alumini inayong'aa hukidanganya kifaa hicho, kwa hiyo bandika kipande cha tepu nyeusi mahali unapopima, au pima kwenye mpira. Pitisha kifaa polepole kwenye uso wote wa rejeta yenye moto. Joto linapaswa kupungua kwa utaratibu kutoka maji yanapoingia hadi yanapotokea. Ukikuta eneo lililo baridi ghafla katikati ya lililo moto, mirija ya hapo imeziba, na kuosha kwa nje hakutasaidia. Injini iliyokaa muda mrefu bila kutumika kabla ya kuuzwa huja na kutu na uchafu mwingi ndani ya njia za maji. Rejeta nyingi huzibwa na injini mpya katika wiki za mwanzo, kwa sababu hakuna aliyezisafisha njia hizo kabla ya kuifunga.

Kifuniko cha rejeta nacho ni kidogo lakini kina kazi kubwa. Maji matupu kwenye usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100, na kila mita 300 unazopanda hupunguza takribani nyuzi moja. Kifuniko kinachoshikilia shinikizo la bar 0.9 hukisukuma kiwango hicho hadi karibu nyuzi 119. Kifuniko kilichochoka, chenye mpira uliopasuka, kinakurudisha kwenye nyuzi 100 au pungufu mlimani. Tumia kulanti (majimaji ya kupoozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Haisaidii tu kwenye kuchemka bali inazuia kutu. Kuhusu pampu ya mafuta ya dizeli, ikiwa moshi ni mweusi kila unapopanda mlima, mafuta yamefunguliwa kupita kiasi, na dizeli inayozidi ni joto linalozidi. Fundi wa pampu airekebishe.

Nawaongezea wenye V8 zinazochemsha kwenye kasi jambo moja, ingawa wewe halikuhusu. Baadhi ya injini, zikiwemo V8 ndogo za zamani za Chevrolet, zilitengenezewa pampu za maji za aina mbili zinazozunguka pande tofauti, kwa kutegemea kama mkanda unaiendesha pampu kwa uso wake wa ndani au wa nje. Ukichanganya pampu ya aina moja na mfumo wa mikanda wa aina nyingine, mapanga yaliyo ndani ya pampu yanageukia upande usiofaa. Maji yatazunguka kidogo, yatatosha injini ikinguruma, na hayatatosha barabarani.

Swali: Salamu, Mshauri. Injini niliyoweka niliinunua ikiwa imetumika. Asubuhi nikiiwasha, dakika tatu au nne hazijapita mpira wa juu wa rejeta umekuwa mgumu kama jiwe, na kwenye chupa ya akiba kuna mapovu yasiyokoma. Maji yanapungua lakini sioni yanapovuja. Rafiki zangu wananiambia ni hewa tu, itatoka yenyewe. Ni kweli?
*Mwenye Mashaka*

Jibu: Mashaka yako yana msingi. Hewa iliyonaswa wakati wa kujaza maji hutoka na kuisha. Mapovu yasiyokoma yana chanzo kinachoyatengeneza. Ili kutenganisha mambo haya mawili, ondoa hewa kikamilifu mara moja: injini ikiwa baridi, elekeza pua ya gari juu, fungua hita, jaza maji taratibu, iwashe hadi thamostati ifunguke, huku ukiubana na kuuachia mpira wa juu. Kesho yake, ikiwa mpira unakuwa mgumu kabla maji hayajapata joto, si mvuke unaoujaza, maana mvuke haupo bado. Ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji kupitia gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini) iliyoungua au hedi yenye ufa.

Kuna dawa ya majimaji ya buluu ya kupimia jambo hili. Kichupa chake huwekwa kwenye mdomo wa rejeta, injini ikinguruma, na hewa iliyo juu ya maji huvutwa ipite ndani yake. Gesi ya ekzosi ikiwepo, rangi hubadilika kuwa ya njano kwa injini ya petroli na ya kijani kwa dizeli. Punguza maji kidogo kwanza yasije yakaingia kwenye dawa na kuiharibu. Kwa injini ya petroli, toa plagi zote za cheche uzipange kwa mfuatano wake: ile ambayo ni safi mno kuliko wenzake, kana kwamba imeoshwa, inakuonyesha silinda inayokunywa maji.

Kipimo hicho kikithibitisha, usiendelee kuliendesha gari kwa kuongeza maji kila asubuhi. Kila linapochemka hedi ya alumini inajipinda zaidi, na maji yanayoingia kwenye silinda gari likiwa limezimwa yanaweza kuipinda konekting'rodi (fimbo inayoshika pistoni) siku utakapopiga stata. Wala usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto ili kuangalia. Subiri mpaka mpira wa juu ubonyee kwa vidole, na ukumbuke kwamba feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Hedi ikishafunguliwa, pima unyoofu wake kwa rula ya chuma na vipimio vyembamba, na bloku pia ipimwe, kwa sababu wengi hupima hedi tu na gasketi mpya huungua tena baada ya muda mfupi. Boliti za hedi zile zinazovutika zinapokazwa hazitumiki mara ya pili. Mwombe fundi wa mashine aikague hedi kwa shinikizo ili kutafuta nyufa kabla ya kuichonga, siyo baada yake, kwa kuwa hedi yenye ufa uliofika kwenye njia ya maji haiokolewi na kuchongwa, na utakuwa umelipia kazi ambayo haitakurudishia injini.